Ureno Kupitia Kehancha

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo nimegundua kwamba nina sifa! Nimegundulia Migori mjini, kwa Abdurahman, yule anayeuza tiketi za ndege na kupanga safari za Hija. Nilipita kumsalimia tu. Mokeira, mke wangu, alikuwa amenituma mbegu za mahindi za duka lake. Mbegu nimezisahau. Ana haki ya kununa. Lakini mtu atabebaje mbegu na Ulaya kwa mkono mmoja?

Abdurahman alikuwa anamweleza mteja mwingine. Mimi nilikuwa nasikiliza tu. Alisema Ureno, kule kusini kabisa mwa Ulaya, jua linawaka kama huku na samaki ni wengi kama Homa Bay, na wanatoa viza ya kukaa. Si ya kutembea na kurudi. Ya kukaa! Sharti lao kubwa: uwe na pesa zinazoingia kila mwezi bila wewe kwenda kazini.

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Wanataka mtu asiyefanya kazi!

Miaka yote hii hapa Oyugis naitwa mvivu. Mama mkwe ameniita hivyo mbele ya wageni. Ombui, yule wa kwaya, ameniita hivyo mbele ya kanisa zima. Alisema ni mfano tu, hakutaja jina, lakini aliniangalia mpaka akamaliza mfano. Kumbe kuna nchi nzima inayonitafuta, na bendera inayo.

Ploti tunayo. Vyumba vizuri nyuma ya soko, wapangaji ni walimu na wauguzi, watu wa mshahara. Kodi inaingia mimi nikiwa nimelala chali. Ni kweli ploti ni ya Mokeira. Aliijenga kwa faida ya duka lake la mbegu na dawa za mifugo, na hati ina jina lake. Lakini si mke wangu? Kwenye fomu ya maombi nikaandika kwamba vyumba ni vyangu. Abdurahman akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia Biblia inasema mume na mke ni mwili mmoja. Akasema hana ubishi na Biblia, ila hajui kama watu wa viza huwa wanaangalia mwili.

Jumatano, 19 Februari

Nimerudi kutoka Nairobi. Nimechoka. Nimechanganyikiwa kidogo, lakini mambo yalienda vizuri. Nadhani.

Ofisi ya viza ina baridi na viti vya chuma. Nilihojiwa na mama mmoja mpole mwenye miwani. Akaniuliza kwa nini Ureno. Nilikuwa nimejiandaa! Nimekuwa nikijifunza lugha kwenye simu kila jioni, Mokeira akipika. Nikamjibu kwa Kireno chote nilicho nacho, bila kupumua. Akanisubiri nimalize. Akaniambia kwa heshima kwamba hicho ni Kihispania.

Nikasema basi, si ni majirani? Akakubali kuwa ni majirani. Njiani nikirudi nikawaza: Kijaluo na Kikisii pia ni majirani, na bado nikitukanwa kwa Kijaluo sokoni huwa natabasamu, nadhani ni salamu.

Akaniuliza nitafanya nini huko siku nzima. Nikamwambia, mama, sitafanya lolote kabisa, nakuapia. Aliandika maneno mengi. Nadhani nilimfurahisha.

Wamebaki na pasipoti yangu. Kwenye nafasi ya mtu wa karibu nikawapa nambari ya Mokeira.

Jioni nikamweleza Mokeira vizuri, tangu mwanzo, isipokuwa ile sehemu ya vyumba. Aliuliza, na yeye? Nikamwambia atanifuata baadaye. Akauliza baadaye hiyo nani atauza dawa za minyoo. Sikuwa nimefika huko katika mipango. Akasema basi nenda ukaone, utaniambia kukoje. Alisema kwa sauti ya kawaida tu. Halafu akaenda kufunga duka, jua bado halijazama. Wanawake wana mambo yao.

Alhamisi, 27 Februari

Nimepokelewa! Nimepokelewa! Nimepokelewa!

Ujumbe uliingia kwenye simu nikiwa kwa kinyozi. Kiingereza cha ofisini, kirefu, lakini neno lenyewe nililiona: kupokelewa. Nikainuka na kitambaa shingoni, kichwa upande mmoja kimenyolewa, upande mwingine bado, nikakimbia moja kwa moja mpaka kanisani ambako kwaya ilikuwa inafanya mazoezi.

Ombui alikuwa anafundisha sauti ya nne. Tangu tuwe vijana, mimi na Ombui tunagombania sauti ya nne. Yeye ana nguvu, mimi nina utamu. Nikasimama mlangoni nikatangaza: ndugu zangu, ninahamia Ulaya. Sauti ilimkatika katikati ya "Haleluya". Alibaki kwenye "Hale". Sitasahau.

Watu walinibeba. Mzee wa kanisa akasema hapo hapo kwamba Sabato ya tarehe nane ni ya kuniaga, kila familia ije na chakula. Nilipofika nyumbani Mokeira alikuwa ameshasikia. Alinikumbatia mbele ya wateja. Mokeira! Hata siku ya harusi alinipa mkono.

Jumatatu, 3 Machi

Nilikwenda Migori kumuuliza Abdurahman nichukue viza wapi.

Aliusoma ule ujumbe. Akausoma tena. Akavua kofia akajikuna. Akaniambia kilichopokelewa ni maombi. Yaani karatasi zimefika. Ni kama barua kufika posta. Jibu lenyewe linaweza kuchukua miezi, na linaweza kuwa hapana.

Nikamuuliza sasa kwa nini waliniandikia, kama hawana la kusema. Akasema ni adabu. Adabu! Wamenivunjia maisha kwa adabu.

Aliniagizia chai. Akaniambia kwa upole, ndugu Masese, nenda nyumbani uwaambie watu ulisoma vibaya, watacheka wiki moja kisha watasahau. Ni mtu mzuri huyu Abdurahman. Lakini haijui Oyugis. Oyugis bado wanamcheka mtu aliyeanguka mtaroni enzi za baba yangu.

Hata hivyo nilikubali. Njia nzima nilifanya mazoezi ya kusema ukweli. Nilishuka nikiwa tayari kabisa. Wauza omena wakaanza kunipungia kutoka upande wa pili wa barabara: "Masese, oriti! Usitusahau!" Wananiaga kwa Kijaluo, wakicheka kwa furaha, mmoja akanifungia samaki bure, wa njiani. Nikaendelea. Nikafika nyumbani. Nikafungua mdomo. Mokeira akatoka chumbani akiburuta sanduku jekundu lenye magurudumu, jipya, na humo ndani ameshapanga soksi.

Nilisema, "Asante."

Usiku nimewaza. Safari itakuwepo. Itakuwa fupi tu kuliko nilivyosema. Jibu la viza likija nitaunganisha. Huko siyo kudanganya. Ni kutangulia.

Jumamosi, 8 Machi

Sabato ya kuniaga. Nilishiba nikashindwa kuinama. Matoke, kuku, mboga za chinsaga, wali, kuku tena. Mzee wa kanisa aliomba kwa ajili ya ndege, kwa ajili ya rubani, na kwa ajili ya injini moja moja. Nilijibu amina kwa kila injini.

Ombui alitoa hotuba. Alisema pengo langu halitazibika, kisha akasema yeye ataliziba. Akanizawadia koti zito la manyoya, akanivalisha mwenyewe mbele ya watu wote, akafunga vifungo mpaka kidevuni. Saa nane mchana! Jua la Oyugis! Wakaniomba niimbe ubeti mmoja nikiwa nalo. Niliimba. Jasho liliingia machoni na akina mama wakafikiri nalia, wakaanza kulia. Mokeira alilia pia. Nilipoona Mokeira analia, na mimi nikalia kikweli. Nikasahau kwamba siendi.

Jumapili, 9 Machi

Nimesafiri.

Walinisindikiza umati mzima mpaka stendi. Nilikuwa nimewaambia naenda Nairobi kupanda ndege. Nikapanda gari la Kisii, nikapunga mkono, nikashuka Kisii, nikapanda la Migori, na kutoka Migori nikakaa nyuma ya boda boda nimepakata sanduku jekundu, koti mwilini kwa sababu sandukuni halikuingia, mpaka Kehancha. Mwenye boda aliniuliza kama naumwa.

Hapa Kehancha anakaa binamu yangu Bichage, aliyeoa Mkuria akahamia kwao. Wanalima tumbaku. Bichage mwenyewe yuko safarini na lori. Mkewe, shemeji Robi, alinikuta langoni. Nikamweleza kila kitu. Alisikiliza amekunja mikono. Akaniuliza kwa hivyo hapa ni Ureno? Nikasema ni kwa muda. Akasema Ureno ya hapa watu huamka alfajiri, na chumba changu kiko kule mwisho na mama yake mkwe, ambaye ni shangazi yangu na hasikii vizuri.

Jumatano, 12 Machi

Mikono yangu! Robi hana mchezo. Nimefunga majani ya tumbaku kwenye vijiti tangu juzi. Utomvu wake ni mweusi, unanata, hautoki kwa sabuni. Mimi, mwimbaji wa kanisa lisilogusa sigara! Nimejitetea kwa Mungu kwamba naifunga tu, siivuti. Halafu kuna banda la kuikaushia, na banda lina moto, na moto haulali. Leo nilikuwa na zamu ya moto.

Mchana nikampigia Mokeira. Nilikuwa nimepanga vizuri: Ulaya ni mbali, kwa hivyo huku mchana, huko usiku. Nikamnong'oneza kwamba nimeamka usiku kwa kumkumbuka. Akauliza usiku gani, mbona binti yetu Kemunto, yule wa chuoni, amemwambia Ureno wako nyuma kwa saa chache tu, sasa hivi kwao ni asubuhi. Nikasema ndiyo, asubuhi, lakini kuna mawingu mazito sana.

Hapo hapo Robi akapiga kelele nje: "Masese! Moto unazima! Utatuharibia majani!"

Niliziba simu kwa kiganja, lakini nilichelewa.

Mokeira akauliza huyo mwanamke ni nani.

Nikasema ni jirani. Mreno.

Akauliza, Mreno anaongea Kiswahili?

Sijui nilikotoa jibu. Nilisema si walikaa Mombasa zamani.

Akasema haya, Baba Kemunto. Akakata simu. Nadhani aliamini. Kihistoria ni kweli walikaa Mombasa.

Ijumaa, 14 Machi

Mambo yanazidi kunichanganya. Mokeira hanipigii tena, ananiandikia tu, maneno mafupi. Jana aliuliza nimekula nini. Nikaandika samaki. Kweli nilikula omena. Leo asubuhi akaniomba picha ya bahari.

Bahari! Kehancha! Nilizunguka na simu mpaka nikapata bwawa wanakonyweshea ng'ombe. Nikainama, nikapiga picha kwa chini ili maji yaonekane mengi. Yalionekana mengi. Nikamtumia.

Alijibu baada ya muda: "Bahari nzuri. Ng'ombe wake ni wa wapi?"

Nikakuza picha. Pembeni, masikio mawili na pembe.

Nikaandika kwamba Wareno wanafuga mpaka ufukweni. Hajajibu. Robi ameniambia nikome kumwandikia, kila neno nachimba zaidi. Nimemwambia asiingilie mambo ya mume na mke. Amenipa vijiti vingine.

Jumatatu, 17 Machi



Asubuhi nilikuwa ndani ya banda la tumbaku, nasukuma kuni. Nikasikia sauti ya mwanamke nje akimsalimu Robi. Naijua sauti hiyo. Imenitoa kitandani kila siku tangu nioe. Wazo la kwanza lilikuwa nijifiche, lakini ndani ya banda pana joto la kukausha mtu mzima, kwa hivyo nikatoka.

Mokeira. Amevaa gauni la Sabato, siku ya Jumatatu. Ameshika mkoba kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyekuja msibani.

"Bom dia," nikasema, salamu ya Kireno niliyojifunza baada ya Nairobi. Sijui kwa nini. Mdomo ulifunguka peke yake.

Aliangalia mikono yangu myeusi, akaangalia suruali iliyoungua, akamgeukia Robi.

"Mreno ni wewe?"

"Ni mimi, dada," Robi akasema. "Karibu Ureno."

Wakaangaliana. Halafu wakacheka, wote wawili, wakashikana mabega. Na mimi nikaanza kucheka, nikidhani tumemaliza. Lakini kicheko cha Mokeira kikageuka katikati, kikawa kilio. Robi akaacha kucheka. Akasema anakwenda kuweka chai, akatuacha.

Mokeira aliniambia yote tumekaa juu ya kuni. Siku ile niliyompigia, jioni yake, watu wa viza walimpigia simu kutoka Nairobi. Walitaka kuhakikisha vyumba ni vya nani. Akawaambia ni vyake. Wakauliza mume wako yuko wapi. Akawaambia kwa fahari kwamba mume wake ameshafika Ureno, tangu Jumapili. Ndipo wakamwambia hilo ni ajabu, kwa sababu pasipoti yake iko hapa mezani kwetu.

"Nikawa nimesimama dukani na simu," akasema. "Mteja anataka dawa ya kupe, mimi siwezi hata kumsikia. Nikajiambia, sasa yuko wapi? Na yule mwanamke anayemwita kwa jina?"

"Mama Kemunto, huyo ni Robi tu..."

"Ningejuaje? Nilijua umenichoka. Kwanza unatafuta nchi ya kukaa bila mimi. Halafu nasikia mwanamke. Nimekaa siku zote hizi nikijiuliza nitamwambia nini mtoto."

Abdurahman ndiye aliyemwelekeza. Nambari yake ilikuwa kwenye karatasi zangu, na Mokeira alipompigia, hakuweza kumdanganya. Alisema mara ya mwisho aliniona napita Migori nyuma ya boda na sanduku jekundu, nikielekea upande wa Kehancha, nimevaa koti la theluji. Na Kehancha ndugu yetu ni Bichage tu.

Nikamwambia Mokeira nilitaka kusema ukweli. Nilitaka kabisa. Lakini kila mtu alikuwa amefurahi, hata yeye, alinikumbatia mbele ya wateja.

"Nilifurahi?" akasema. "Siku uliyotoka Nairobi nilifunga duka nikalia juu ya magunia ya chakula cha kuku. Nilikukumbatia kwa sababu nilidhani unaondoka. Mtu anayeondoka si anakumbatiwa?"

Sikujua hilo. Nimekaa na mwanamke huyu miaka mingi na sikujua. Nilidhani Ulaya ni jambo langu. Nikamwomba msamaha. Nilipomshika mkono, utomvu wa tumbaku ukamshika, tukanata. Ilibidi Robi alete mafuta ya taa.

Baada ya chai akaniambia la mwisho: watu wa viza wamekataa maombi yangu. Pasipoti itarudishwa. Lakini walisema mwenye vyumba mwenyewe akitaka, anaweza kuomba, ana sifa zote.

Nikainuka! Nikamuuliza, je, ataomba?

Alifunga mkoba wake.

"Nenda ulete sanduku," akasema.

Jumamosi, 22 Machi

Mokeira alinipa sharti moja tu la kurudi nyumbani: nisimame kanisani niseme ukweli wote. Si nusu. Wote. Na yeye atasimama pembeni yangu.

Sijawahi kuogopa hivyo. Kanisa lilijaa mpaka madirishani, kwa sababu habari ilikuwa imeenea kwamba Masese amerudi kutoka Ulaya. Ombui alikuwa mbele na kwaya, amesimama mahali pangu.

Nikasema. Kusema kweli, nilisema vizuri. Nilisema sikufika Ureno, sikufika hata uwanja wa ndege. Nilisema nilikuwa Kehancha kwa binamu. Nilisema vyumba si vyangu. Nilitaja hata tumbaku, nikainua mikono waione ilivyobaki rangi. Mokeira alinishika kiwiko. Nilipomaliza nikainamisha kichwa nisubiri kicheko.

Hakuna aliyecheka. Halafu nikasikia mtu anapiga makofi polepole. Ombui!

Ombui akasema, ndugu zangu, mmeona unyenyekevu? Akasema yeye ana ndugu wa mkewe aliyeishi Ulaya miaka kumi, na naye akirudi husema hivyo hivyo, hakuna kitu huko, nilikuwa nateseka tu, ili watu wasimsumbue. Lakini huyu, akasema, amejishusha mpaka kwenye tumbaku!

Nikasema hapana, ni kweli, ni tumbaku. Mama mmoja wa safu ya mbele akamwambia mwenzake, tena kwa sauti, kwamba hiyo ni rangi ya zeituni, Biblia imejaa zeituni za nchi zile. Mwingine akasema uso wangu umeungua, theluji huunguza kuliko jua. Nikaapa. Mzee wa kanisa akanikanya kwa upole kwamba Bwana alikataza kuapa, kisha akaomba Mungu atupe sote moyo wa kutojivuna kama ndugu Masese.

Nilimgeukia Mokeira anisaidie. Alikuwa amejiziba uso kwa leso, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka hawezi kusimama.

Nyumbani nikamuuliza sasa nifanye nini. Akasema umefanya yako, kaa utulie. Akanipikia. Sijawahi kusema ukweli mwingi hivyo siku moja, na sijawahi kuonekana mwongo kiasi hicho. Sielewi dunia inavyofanya kazi.

Jumanne, 25 Machi

Leo Ombui amekuja dukani kwa mlango wa nyuma. Ombui! Alivua kofia. Alininong'oneza nimwambie tu, ndugu kwa ndugu, huko mtu anaingiaje. Nikamwambia tena sikwenda. Akasema anaelewa kabisa, siri ni siri, hatamwambia mtu. Akaniita kiongozi. Akasema sauti ya nne ni yangu tangu Sabato ijayo, yeye atasimama nyuma yangu.

Nikamwangalia. Mtu mzima, amenyenyekea, machozi karibu. Nikaona kumkatisha tamaa ni ukatili. Nikamwambia, kwanza jifunze salamu. Wakikuona asubuhi wanasema bom dia. Akarudia mara nyingi huku akiondoka. Nikamwambia pia asikisie saa kwa jua, mawingu ya huko yana tabia yake. Hayo si uongo. Ni ushauri.

Alipoondoka nikawa na mawazo. Ukiangalia vizuri, mpango wangu haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa Ureno. Nchi ndogo, watu wachache, wanapata muda wa kuwapigia watu simu. Nikampigia Abdurahman nikamuuliza kama kuna nchi nyingine kusini huko yenye viza ya kukaa. Alinisihi sana, akataja jina la mke wangu mara kadhaa. Lakini nilipombana akakiri kwamba Ugiriki wanayo, ya watu wenye mapato yao, sharti ni lile lile. Halafu mtandao ukakatika. Nimempigia mara nyingine, hapatikani. Mtandao wa Migori ni mbaya.

Ugiriki! Nimeangalia kwenye simu. Ni visiwa tu! Visiwa vingi hivi kwamba hata mtu wa viza hawezi kujua umekaa kipi. Na vyumba tunavyo. Nitaandika ni vya familia. Hapo Abdurahman hana la kusema.

Mokeira bado sijamwambia. Wiki hii ana furaha, namsikia anaimba jikoni, na leo ameniwekea kipande cha nyama kilicho kikubwa kuliko chake. Sitaki kumharibia. Ni jambo dogo. Nitamwambia nikishafika.